Kigoda cha Babu Kimepata Miguu Mipya

Kijiji cha Ujamaa Sepuka,
kwa mkono wa Katibu wa Kijiji,
Singida.

21 Septemba 1975

Mpendwa kaka Gasto,

Shikamoo kaka. Nimeiweka shikamoo mbele kabla hata sijakaa vizuri, maana Baba amesimama mlangoni ananichungulia, anataka ahakikishe nimekuamkia kama inavyopasa. Nimemwambia tayari. Sasa ameondoka, naweza kuandika kwa raha.

U hali gani huko Tanga? Wifi Luciana hajambo? Na watoto je? Tulisoma kwamba yule mdogo anakohoa tangu mvua zilipoanza huko kwenu. Mama anasema apakwe mafuta ya kondoo kifuani na mgongoni, ya kondoo kweli, si haya ya kopo ya dukani. Kama huko hakuna kondoo, sema, tutamtafuta mtu anayesafiri.

Sisi huku tu wazima. Mathayo mume wangu mzima, watoto wazima, Marietha ameanza shule na sasa anasoma kila kitu anachokiona, hata maandishi ya kwenye gunia la mbolea. Baba naye mzima, isipokuwa macho yanamtoka machozi kila upepo wa vumbi ukivuma, na unajua Septemba yetu ilivyo. Mama nitamweleza kwa kirefu huko chini, maana barua hii ni yake zaidi kuliko ya mtu mwingine.

Chakula kipo. Mtama haukuwa mwingi, lakini uwele umetubeba. Shamba la kijiji tulilima alizeti, zikatoka nzuri, ndege wakala upande mmoja wote kabla hatujaamka.

Wewe kijiji hiki hujakiona. Ulipoondoka bado tulikuwa kule kwenye boma letu la zamani. Hapa nyumba zimepangwa mistari, ukitoka kwako unakutana uso kwa uso na jirani anapiga mswaki. Nimezoea, na maji yako karibu. Baba hajazoea. Tangu tuhamie hajashika tezo lake la kuchongea hata mara moja, yeye ambaye alikuwa hapiti mbele ya gogo bila kuligusa. Ukimwuliza anajibu kwamba miti ya huku haijui. Kila baada ya siku chache anatembea mpaka bomani kwetu, anakaa huko, anarudi. Hatumwulizi amefuata nini.

Sasa nikueleze habari za Mama.

Katika barua yangu ya Februari nilikuambia kwamba aliteleza kisimani akaumia nyonga, akalazwa, na akarudi nyumbani anatembea na fimbo. Hayo yote ni kweli. Yaliyobaki yeye mwenyewe alinikataza nisikuandikie, akisema mtoto aliye mbali asipewe mzigo ambao hawezi kuja kuushika. Sasa ameniruhusu, kwa hiyo soma bila wasiwasi, mwisho wake ni mzuri.

Mfupa uliunga. Lakini mguu wa kushoto umekauka pale nyongani, haukunjiki kama zamani. Kusimama anaweza, kulala anaweza. Kukaa ndiko kulikomshinda. Unajua sisi wanawake tunakaa chini kwenye ngozi. Kumkalisha Mama kwenye ngozi kulihitaji watu wawili, mmoja amshike mabegani, mwingine amnyooshee mguu, na kumwinua hivyohivyo. Na vigoda vyetu ni vifupi mno, hata kama mwanamke angekubaliwa kukalia, mguu ule usingekubali.

Aliinuliwa hivyo mbele ya wageni mara mbili tatu, kisha akakataa. Alisema hataki kunyanyuliwa kama gunia mbele ya wakwe. Akaanza kushinda ndani, kitandani, mlango umerudishiwa. Mama yetu, kaka! Mtu ambaye arusi ilikuwa haichangamki mpaka afike yeye aanzishe wimbo. Wanawake wenzake wakija kumwona anajifanya amelala. Nilikuwa namkuta ameelekea ukutani, nikimwuliza anaumwa wapi ananijibu, “Siumwi. Nimechoka tu.” Miezi mingi ilipita hivyo, naye akawa anapungua mwili na maneno.

Mathayo alijaribu. Alikwenda ofisi ya TANU akaazima kiti, vile viti virefu vya mbao wanavyokalia viongozi. Tukamkalisha Mama. Miguu ikaning'inia, akawa anateleza kwenda mbele, mikono imeshika ubao mpaka vidole vikawa vyeupe. Akatazama huku na huku, akasema, “Hiki ni kiti cha mtu anayesubiri kuhukumiwa. Nirudisheni ndani.” Tulicheka sote, hata yeye. Lakini kiti kilirudi ofisini siku ileile.

Basi, shule ilipofunga ikaja semina ya ufundi. Walikuja walimu wawili. Mmoja anaitwa Urbano, seremala wa Manyoni, mtu mrefu, mcheshi, anayeimba huku akipiga randa. Mwingine ni dada mmoja anaitwa Elizabeti, yeye kazi yake ni kuchora na kupima. Mwenyekiti akatangaza kwamba anayetaka aende, mwanamume au mwanamke, na kila mmoja aende na kigoda cha nyumbani kwake. Watu walidhani wameambiwa waende na viti vya kukalia kwa sababu shule haina viti vya kutosha!

Kumbe vigoda vyenyewe ndivyo vilikuwa somo. Urbano alivipanga mezani, vyote vya miguu mitatu, vingine vyeusi kwa uzee. Akasema, “Mafundi wa kuchonga hivi mnao, mimi sikuja kuwafundisha hayo. Nataka kila mtu aniambie, nyumbani kwake kuna nani ambaye kigoda hiki hakimfai?”

Watu wakatazama vigoda vyao. Halafu Antipasi fundi cherehani akasema hakimfai yeye, kwa kuwa cherehani yake iko juu na kigoda kiko chini, anashona kama mtu anayechungulia dirishani. Watu wakacheka, wakaanza kusema. Selina jirani yangu akasema yeye anataka kukaa huku anafinyanga vyungu bila kuinama. Mzee mmoja akasema kigoda chake hakina tabu yoyote ila watoto hukichukua, anataka cha kutundika ukutani. Nami nikasema, “Mama yangu.”

Elizabeti hakuturuhusu kushika mbao kwanza. Alitutuma nyumbani tukamtazame huyo mtu siku nzima, tuone akitaka kukaa mkono unashika nini, akitaka kuinuka mwili unaelekea wapi, kisha tuje tuonyeshe kwa miili yetu wenyewe. Nilimtazama Mama. Niligundua jambo ambalo sikuwahi kuliona miezi yote ile: kabla ya kujishusha kitandani anapeleka mkono wa kulia nyuma, anapapasa ukuta, na akishaugusa tu uso wake unatulia. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikafanya vile. Watu walianza kucheka, nilivyokuwa nimekaza mguu. Halafu kicheko kikaisha. Selina alikuwa anafuta macho.

Sasa, kaka, kigoda cha kupeleka sikuwa nacho. Kwa Baba kuna kile kimoja, unakijua, cha Babu. Nilimwendea Baba kwa heshima zote nikapiga goti.

“Baba, naomba kigoda cha Babu nikakipime. Nitakirudisha jioni.”

“Hakitoki.”

“Ni kwa ajili ya Mama.”

“Mama yako ana kitanda,” akasema. Kisha akanitazama mikono. “Mwanamke na tezo, wapi na wapi? Hiki kilikuwa cha baba yangu, kikawa changu, kitakuwa cha Gasto. Hakina njia ya kupitia kwako.”

Maneno hayo yaliniingia. Nilirudi shuleni mikono mitupu, Urbano akanipa gogo la mninga nikaanza kuchonga cha kwangu. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Mathayo alikuwa ananipikia uji jioni, mwanamume mzima, na majirani wakimwona anawaambia kwamba mke wake yuko masomoni.

Nilitengeneza kiti cha miguu minne, kirefu kidogo, na egemeo nyuma. Nilikuwa na furaha kama mtoto. Nikakibeba kichwani mpaka kwa Mama, nikamsihi, akakubali. Aliponyoosha mkono nyuma akagusa egemeo nikaona uso umetulia, nikasema moyoni, tumepata. Lakini sakafu ya mle ndani ni udongo, ina mabonde. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa hewani. Alipohamisha uzito kiti kikayumba, kikaenda upande, na Mama akaenda nacho.

Nilimdaka, kaka. Tulianguka pamoja, yeye juu yangu, hakuumia. Lakini alilia. Tangu kisimani hakuwa amelia, hata siku alipovunjika hakulia. Alilia pale sakafuni akaniambia, “Theodora mwanangu, niache nilale. Kwangu mimi kukaa kumekwisha.”

Nilipoinua macho nikamwona Baba mlangoni. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Aliingia, tukamwinua pamoja, tukamlaza. Alikichukua kiti changu akakigeuza chini juu, akaipapasa miguu yote minne, akakiweka chini taratibu. Akatoka.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda shuleni kumwambia Urbano kwamba naacha. Nilikuwa bado sijamaliza kusema wakati watu wote walipogeuka kutazama nje. Baba alikuwa anakuja kati ya ile mistari ya nyumba, tezo begani, na kigoda cha Babu kwapani.

Aliwasalimu, akakaa kando, akatazama watu wanavyofanya kazi. Alitazama kiti kirefu cha Antipasi, akatikisa kichwa kwa kukubali. Alitazama wale vijana wawili waliounganisha vigoda viwili kuwa benchi, na benchi lenyewe likawabwaga mbele yake. Hapo Baba akacheka! Kaka, nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Kisha akainuka akaja kwenye meza yangu.

“Miguu minne inataka sakafu ya saruji,” akaniambia. “Sisi hatuna. Mitatu inakaa popote.”

“Mitatu nayo nilidhani itamwangusha, kwa kuwa kiti ni kirefu,” nikasema.

“Itamwangusha ikisimama wima. Itanue.”

Urbano akasikiliza, akaleta vijiti na kamba, akapima jinsi miguu itakavyotanuka bila kumkwaza mtu anayepita. Elizabeti akasema kikalio kisilale sawasawa, upande wa kushoto kishuke kidogo mbele ili mguu mkavu upate mahali pa kunyooka. Baba akasema hajawahi kuchonga kitu kilichopinda kwa makusudi, na kwamba huyu binti ana akili. Nami nikawaeleza mkono wa Mama unavyopapasa, tukakubaliana upande wa kulia paweko mshikio unaoanza nyuma, utokeze mbele mpaka mkono ufike kabla mwili haujafika.

Ikabaki kikalio. Urbano alikuwa na ubao mzuri. Lakini Baba akakiweka kigoda cha Babu mezani, akapitisha kiganja pale katikati palipochimbika kwa kukaliwa.

“Tumia hiki.”

Urbano akamwambia kwamba tunaweza kukipima tu, tukachonga kingine kinachofanana, hiki kikabaki kizima.

“Ukichonga leo utapata shimo,” Baba akasema. “Hapa amekaa baba yangu, nimekaa mimi. Pamekwisha kuzoea watu. Mke wangu ana mifupa mitupu sasa, ubao mpya utamwumiza.”

Unakumbuka kigoda chenyewe ni kipande kimoja cha mti, kikalio na miguu havikuunganishwa. Maana yake ilikuwa ni kukikata. Watu walisogea. Mimi ndiye niliyetamka jina lako, kaka. Nilisema, “Baba, hiki ni cha Gasto. Tumwandikie kwanza.”

Alinitazama. “Barua itakwenda, itafika, atafikiri, atajibu. Mama yenu atakuwa ameelekea ukutani muda wote huo. Utamwandikia Gasto, ndiyo. Utamwandikia kwamba baba yake amekata.” Akachukua msumeno kwa mkono wake. Lakini msumeno ukawa unaruka juu ya mti bila kushika. Akasimama. Akanipa mimi.

“Kata wewe. Macho yangu yanatoa machozi.”

Vumbi halikuwapo siku ile.

Nilikata. Mti ule umekuwa mgumu kama pembe. Nilipofika mguu wa tatu kila mtu darasani alikuwa amesimama. Baba aliipokea miguu ile mmoja mmoja, akaifunga ndani ya kitambaa.

Kutoboa kikalio ndiko kulikotutoa jasho. Urbano alikuwa anazungusha keekee polepole, tobo la kwanza likatoka safi, la pili safi. La tatu tukasikia mlio mdogo, ta! Ufa ukakimbia kutoka kwenye tobo mpaka karibu na katikati. Urbano aliliachia keekee kana kwamba limemchoma. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakuwa na kosa, mti wa miaka mingi una siri zake, lakini alianza kumwomba Baba radhi mpaka Baba akamshika bega. Nilijua sasa hatuna kigoda, na hatuna kiti, na tumeharibu mali ya ukoo mzima.

Baba akauliza kama kuna mtu amechinja. Kulikuwa na ng'ombe aliyechinjwa jana yake. Mathayo akakimbia, akaja na ngozi mbichi. Baba na Urbano wakakata ukanda mpana, wakauloweka, wakauzungusha kwenye ukingo wa kikalio wakiuvuta kwa nguvu, mmoja amekanyaga hapa, mwingine pale. Wakaacha kivulini. Ngozi inapokauka inajikaza. Tulipokuja kutazama, ufa ulikuwa umefumba, unauona kama unywele tu. Siku zilizofuata tuliweka miguu, mshikio na egemeo. Egemeo nilichonga mimi peke yangu, na Baba alikataa kunisaidia. Kila nilipomwuliza alijibu, “Wewe ndiye unayeujua mgongo wake.”

Siku ya kumkalisha Mama hatukuita mtu, lakini watu walijaa. Mama aligoma kwanza. Alisema ameshaanguka mara moja, inatosha. Baba akaingia ndani peke yake, akafunga mlango. Tulikuwa tunasikia sauti zao, zile za chini, za watu waliozeeka pamoja. Kisha mlango ukafunguka, Mama akatoka na fimbo yake, amejifunga khanga mpya.

Kiti tulikiweka uani, juu ya udongo na mawe kama vilivyo. Mama akakitazama sana. “Hiki si cha mzee?” akauliza.

“Ni chako,” Baba akasema.

Akageuka, akapeleka mkono wa kulia nyuma. Ukagusa mshikio. Akautegemea. Mguu mkavu ukateleza mbele taratibu kwenye ule upande ulioshuka. Akakaa. Kiti hakikulia hata kidogo. Alijitikisa kulia, akajitikisa kushoto, akatutazama sote tulivyokuwa tumenyoosha mikono tayari kumdaka, akasema, “Mbona mnanitazama hivyo? Hamjawahi kuona mtu amekaa?”

Selina alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Na Mama akainuka. Peke yake, kaka. Akainuka, akakaa tena. Alifanya hivyo mara nyingi, akicheka, kama Marietha na bembea.

Si wote waliofurahi. Baba mdogo Nathanaeli alikuja kutoka ng'ambo ya kijiji na hasira zake. Hakumwamkia mtu. Alimwambia Baba, “Umekata kiti cha ukoo, na umemkalisha mwanamke.” Baba akamjibu, “Nimemkalisha mama wa watoto wangu. Wewe ulipokuwa na ndui nani alikulisha? Alikulisha akiwa amekaa chini.” Nathanaeli akaondoka, akasema atakuandikia wewe, kwa kuwa kiti kilikuwa urithi wako, nawe ndiwe wa kusema kama Baba alifanya sawa au vibaya.

Pengine barua yake imekufikia kabla ya hii. Kama ni hivyo, sasa umesikia na upande wetu. Baba anajifanya hajali. Lakini kila siku ya posta anapita ofisini kwa katibu, ananunua tumbaku pale jirani ambayo haivuti, na kurudi. Nakuomba, kaka, umwandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake. Andika unavyoona moyoni mwako, usiandike kwa ajili yetu. Yeye ataijua tofauti.

Ile miguu mitatu ameiweka juu ya dari. Amesema nikuambie kwamba ni yako, na kwamba ukija likizo mtakwenda pamoja mkachague mti wa kikalio, nawe utachonga mwenyewe. Anasema ameshaona mti unaofaa, uko kule bomani.

Tezo lake sasa halikai bure. Watu wa vijiji vingine wanakuja kuomba viti kama cha Mama. Kuna bibi mmoja kipofu, kuna mwalimu mwenye mguu wa polio. Baba anawaambia wamwone Theodora kwanza, akamtazame mtu siku nzima, kisha yeye atachonga. Tunafanya kazi pamoja pale nyuma ya nyumba. Ananigombeza sana, hasa nikishika patasi vibaya, nami nafurahi kugombezwa.

Na jambo moja zaidi nikuambie, ambalo nililiona kwa macho yangu jana jioni. Kigoda cha kukalia Baba hana tena, na hajajichongea kingine. Nilipita na kuni nikamkuta Mama kwenye kiti chake uani anachambua kunde, na Baba amekaa chini kwenye ngozi, pembeni yake, bega lake limefika kwenye goti la Mama. Mzee mmoja akapita njiani akamwita kwa dhihaka, “Alute! Umekaa chini kama mwanamke?”

Baba hakuinuka. “Nimekaa na mke wangu,” akasema, akaendelea kuchambua kunde. Ndiyo, Baba anachambua kunde. Anazichambua vibaya, Mama anazirudia.

Nisalimie wifi Luciana sana, mwambie zawadi ya khanga ndiyo ile aliyoivaa Mama siku ile. Wabusu watoto wote. Mathayo anakusalimu, anasema mpira wa huko tunausikia redioni. Antipasi fundi cherehani anakusalimu, anasema suruali uliyoiacha ameirekebisha, sasa inamtosha yeye. Selina naye anakuamkia. Usiache kumsalimia padre wenu aliyekusaidia kupata kazi.

Mungu aliyekupeleka akulinde barabarani na kazini, akupe afya na mkono mwepesi, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Nilitaka kuifunga barua hapa, lakini nimemsomea Mama yote, naye anasema niongeze neno lake. Naandika kama anavyotamka: “Mwambie mwanangu kwamba kutoka hapa nilipokaa naiona njia yote mpaka inapokatia kilimani. Siku atakayokuja, mimi ndiye nitakayemwona wa kwanza.”

Wako akupendaye, dada yako,

Theodora Alute